Mtaa Uliojibu Nzuri kwa Miaka Minne

Saa kumi na mbili kamili asubuhi, kila siku ya Mungu, Jiji la Upepo lilikuwa likiulizwa swali moja, na swali lenyewe lilitoka ukutani. Sebuleni mwa kila nyumba, karibu na swichi ya taa, palikuwa na kidude cha duara kisichozidi kifungo cha koti. Watu walikiita sikio. Taa yake ya kijani iliwaka, kisha sauti ya mwanamke mwenye adabu zake ikasema, "Habari za maji?"

Nyumba laki nne ziliulizwa kwa pumzi moja, nyumba laki nne zikajibu, na kabla mtu hajabandika chai jikoni, Mratibu alikuwa amekwisha kuhesabu majibu yote, kuyalinganisha na ya jana, na kufungua au kufunga pampu mia sita zilizochimbiwa kwenye uwanda wote.

Mratibu hakuwa mtu. Alikuwa kompyuta kuu, ile aina kubwa kuliko zote, iliyojaza ghala zima chini ya kilima cha mitambo ya upepo. Nyanya zetu walikulia kwenye uwanda huohuo wakitembea nusu siku na ndoo kichwani, lakini mwaka huu wa 2091 mtu alikuwa akifungua bomba huku anapiga mswaki na kusinzia. Wageni walikuja kutoka nje kupiga picha lile ghala. Meya alipewa tuzo. Katika kila nyumba mia, tisini na tisa zilijibu "nzuri" kila asubuhi, miaka minne mfululizo. Wala hakuna aliyejiuliza inakuwaje watu wote hao waridhike kila siku, tena watu wa huku kwetu, ambao mvua isiponyesha tunalalamika na ikinyesha tunalalamika vilevile!

Jumanne moja tangazo lilitokea kwenye ubao wa Mtaa wa Alizeti. Lilisema hivi: Mratibu ameona kwamba wakazi wa mtaa huu wanatumia maji machache na wameridhika kabisa. Kwa hiyo pampu namba saba itang'olewa Ijumaa saa nne asubuhi na kupelekwa Mtaa wa Viwanda. Ahsanteni kwa ushirikiano.

"Maji machache!" akafoka mama mmoja mbele ya ubao. "Tutumie yapi? Bomba langu linakoroma tu tangu Pasaka!"

Kwa nyumba nyingi hilo lilikuwa balaa la kufua na kupika. Kwa Mama Eliwaza lilikuwa jambo la uhai. Figo zake zilikuwa zimechoka, na mara mbili kwa wiki alikwenda zahanati ya mtaa kulazwa kando ya mashine iliyomsafisha damu. Mashine ile hunywa maji mengi, zaidi ya lita mia kwa mgonjwa mmoja. Pampu ikiondoka, zahanati ingefunga chumba hicho, na hospitali iliyokuwa na mashine nyingine ilikuwa mbali, safari ambayo daktari alisema wazi kwamba mwili wake hautaistahimili kila wiki.

Binti yake wa pekee, Perusi Gyunda, alilisoma tangazo lile mara mbili. Yeye alikuwa mwalimu wa kompyuta katika shule ya sekondari iliyopakana na mtaa, ingawa mwenyewe aliishi upande wa pili wa jiji, ambako maji yalitoka vizuri. Kila asubuhi alimpigia mama yake simu. "Shikamoo mama. Habari za kuamka?" "Marahaba mwanangu. Nzuri tu." Akishasikia hivyo roho yake ilitulia, akakimbilia kazini.

Alipofika darasani siku hiyo, kidato cha pili kilikuwa kinamsubiri kwa uvivu wa kawaida. Ukweli ni kwamba somo lake lilidharauliwa. Zama hizi ukitaka kitu unakisemesha tu, kinatii. Nani ana haja ya kujua kibodi ni nini na kipanya kilikuwa na kazi gani? Yeye hakujali. Alichora visanduku vinne ubaoni, akaandika: ingizo, uchakataji, hifadhi, tokeo.

"Leo nataka mnihesabie kompyuta zilizomo Mtaa wa Alizeti," alisema. "Semeni."

"Mpakato." "Kishikwambi." "Simu, mwalimu." "Saa ya mkononi." "Seva ya ofisi ya mtaa."

"Na ya mezani moja," akaongeza mwingine, "ile ya babu, amefunika kwa kitambaa cha kufuma." Darasa likacheka.

"Nyingine?"

Wakakuna vichwa.

"Mita ya maji je?"

"Aa, mwalimu! Mita ni mita," akasema Zubeda Kinku, msichana wa dawati la mbele ambaye ulimi wake haukujua kupumzika.

"Haya, Zubeda. Ina kitu cha kupokea taarifa?"

"Inahisi maji yakipita."

"Halafu inayafanya nini?"

"Inajumlisha lita."

"Inazisahau?"

"Hapana, inazitunza. Halafu jioni inamtumia Mratibu..." Zubeda akaangalia vile visanduku vinne, akajishika mdomo. "Mungu wangu. Ni kompyuta!"

"Ulikuwa unangoja ikusalimie ndipo uamini? Hiyo inaitwa kompyuta pachikwa. Imefichwa ndani ya kifaa kingine, inafanya kazi moja, haijui ya pili. Hata mashine ya figo ya zahanati inazo ndani yake." Mwalimu Perusi alisita kidogo aliposema hivyo, kisha akaendelea. "Sasa, Mratibu ni mkubwa, lakini ana visanduku hivihivi vinne. Hajawahi kuliona bomba la kwenu hata siku moja. Anajua alichoingiziwa, basi. Ukimwingizia pumba atakurudishia pumba, ila zimepangwa kwenye jedwali zuri."

"Lakini mwalimu, nani amemwingizia kwamba sisi tumeridhika?" Zubeda aliuliza. Alikuwa ameacha kutania. "Mita inasema maji machache, sawa, kwa sababu hayatoki. Lakini kuridhika?"

Swali hilo ndilo mwalimu alilokuwa akijiuliza mwenyewe. Akawaeleza habari za watumiaji. Mfumo wowote mkubwa una watumiaji wa ngazi mbalimbali, na kila ngazi ina haki zake. Kuna mtunga programu, anayeamua kompyuta ifanye nini. Kuna msimamizi wa mfumo, anayeutunza usiku na mchana lakini haandiki programu. Na kuna mtumiaji wa kawaida.

"Ndio sisi," akasema Zubeda. "Wa chini kabisa."

"Wa chini ana haki gani?"

"Kuingiza taarifa za nyumba yake. Na kuzisoma."

"Kwa hiyo unangoja nini? Zisome."

Zubeda akafungua kishikwambi chake, akataja namba ya nyumba yao, akaomba taarifa zote. Jedwali likaanza kuteremka. Nzuri. Nzuri. Nzuri. Nzuri. Siku elfu moja mia nne na zaidi, zote nzuri, bila hata moja ya kuharibu safu.

"Uongo!" Alisimama mpaka kiti kikaanguka. "Uongo mtupu! Bibi analalamika kila asubuhi. Jana tu ameongea na lile sikio karibu robo saa, nimemsikia kwa masikio yangu!"

Wengine nao wakafungua za kwao. Wote walikuta nzuri.

Kesho yake, Jumatano, Mwalimu Perusi alifika kwa kina Zubeda kabla jua halijapanda. Yule bibi alikuwa amekwisha kukaa mbele ya ukuta, khanga imefungwa vizuri, kama anayemngoja mgeni. Saa kumi na mbili taa ya kijani ikawaka.

"Habari za maji?"

"Nzuri," akajibu bibi kwa sauti ya upole, na taa ikazimika papo hapo. Bibi hakuiona. Aliendelea, "Nzuri tu, mama, tunashukuru, ila bomba la jikoni halijatoa tone tangu Jumapili, na lile la nje linatoa maji ya chumvi, na jirani yangu ndiyo kabisa..."

Zubeda na mwalimu wake wakatazamana. Bibi aliongea na ukuta mtupu kwa dakika kumi na mbili. Alipomaliza akasema "haya, ahsante, siku njema", akainuka kwenda kuchemsha chai kwa maji ya dumu.

Mwalimu Perusi alitoka nje akashindwa kujizuia, akacheka mpaka machozi, halafu machozi yakaendelea na kicheko kikaisha. Miaka minne! Mtaa mzima ulikuwa umejibu kama ulivyolelewa. Kwetu sisi ukiulizwa habari, kwanza unasema nzuri, hata kama nyumba inaungua. Ndipo unasema ila, na moto unaueleza huko mbele. Mtoto mdogo anajua hilo. Mratibu hakulijua, na hakuna aliyemwambia.

Alimpigia simu msimamizi wa mfumo, Mhandisi Elibariki Msengi. Alikuwa mtu mpole, msikivu, na alisikiliza mpaka mwisho.

"Sikio linafunga kwenye neno la kwanza la jibu," akakiri. "Nyumba ni laki nne, mwalimu. Ilikuwa kuokoa muda."

"Hamkufanya majaribio?"

"Tulifanya. Ofisini. Tuliulizana habari wenyewe kwa wenyewe, tukajibiana nzuri, tukaona linafanya kazi vizuri kabisa." Aliguna kwa aibu. "Na kwa hali hii, si Alizeti tu."

"Basi libadilisheni leo! Ijumaa mnang'oa pampu."

"Mimi ni msimamizi, mwalimu, si mtunga programu. Programu inabadilishwa kwa idhini ya baraza, na baraza linakaa mwezi ujao. Nikiigusa mwenyewe ni jela." Akashusha sauti. "Lakini ingizo ni lenu. Hilo halihitaji idhini. Kuna kanuni ndani ya Mratibu: zaidi ya nusu ya nyumba za mtaa zikijibu mbaya kwa asubuhi moja, mabadiliko yote ya mtaa huo yanasimama na mafundi wanatumwa siku hiyohiyo. Haijawahi kutumika hata mara moja."

Alizeti ilikuwa na nyumba mia tatu na kumi na mbili. Zilihitajika mia moja hamsini na saba, na swali la mwisho kabla ya pampu kung'olewa lilikuwa Ijumaa saa kumi na mbili. Alhamisi mwalimu alifuta ratiba ya vipindi vyake vyote, akaligawa darasa wawili wawili, akawatuma nyumba kwa nyumba. Kazi ilionekana nyepesi: mfundishe mtu aseme neno moja.

Jamani, msiombe kazi ile!

"Niseme mbaya?" Mzee Mpinga, mwalimu mkuu mstaafu, aliwatazama Zubeda na mwenzake kana kwamba wamemtukana. "Mtu ananiuliza habari asubuhi asubuhi, namtupia mbaya usoni? Mimi? Nililelewa, binti."

"Si mtu, babu. Ni kompyuta."

"Anasema habari?"

"Anasema."

"Kwa hiyo anajibiwa."

Mama mmoja muuza maandazi alikubali mara moja, ni mjuzi wa mambo, hana muda wa kupoteza. Wakamjaribu. "Habari za maji?" Akafungua mdomo. "Mba... mba..." Akaziba uso kwa mtandio. "Nzuri tu, wanangu! Nimeshindwa! Linatoka lenyewe!" Wakamrudia mara tisa. Mzee mwingine aliweza, lakini kila akisema mbaya aliomba radhi kwa ukuta. Zubeda ndiye aliyegundua dawa. Aliacha kuwaambia watu waseme mbaya. Alianza kuwaambia wafikirie lile dumu walilobeba asubuhi, uzito wake, na mahali lilipowakata vidole. Neno likawa linatoka bila kusukumwa. Jioni sauti za "Mbaya! Mbaya!" zilisikika kila uchochoro, watoto wakizifanya wimbo, na mpita njia asiyejua angedhani mtaa umeingiwa na wazimu.

Mwalimu Perusi alikwenda kwa mama yake mwenyewe. Mama Eliwaza alimsikiliza, mikono ikiwa mapajani.

"Utaweza, mama?"

"Nitajaribu. Wewe umekula?"

"Mama, nakuuliza habari za kesho."

"Nimekusikia. Kula kwanza."

Alilala hapohapo kwa mama yake. Ijumaa alfajiri, ilipobaki dakika moja, walikuwa wote wawili mbele ya ukuta, na Zubeda amesimama mlangoni na kishikwambi, maana hesabu za mtaa mkazi yeyote anaruhusiwa kuziona. Kama ingepungua nyumba moja tu, saa nne pampu ilikuwa inaondoka, na mama yake pia alikuwa anaondoka, tofauti ikiwa ni wiki chache.

Taa ya kijani ikawaka.

"Habari za maji?"

Mama Eliwaza alinyoosha mgongo. "Mbaya," alisema, na taa ikazimika.

"Arobaini!" Zubeda alipiga kelele mlangoni. "Tisini na mbili! Mia moja kumi! Mia moja hamsini... mwalimu, mia moja hamsini na nane! Imevuka! Inaendelea, mia mbili! Mia mbili na thelathini!" Ilikwenda kusimama kwenye mia mbili themanini na moja, na chini ya hesabu hiyo yakatokea maandishi ambayo Mratibu hakuwahi kuyaandika tangu azaliwe: MABADILIKO YAMESIMAMISHWA. MAFUNDI WANAKUJA. Mtaa ulilipuka. Vigelegele vilitoka nyumba hadi nyumba, masufuria yakagongwa, na Mzee Mpinga alionekana barabarani akiwa na fulana ya kulalia, akiwatangazia watu wote kwamba amesema mbaya, amesema kwa sauti, na hajutii.

Zubeda alitupa mikono juu akakimbia kuungana na wenzake. Mwalimu Perusi aligeuka amkumbatie mama yake.

Mama Eliwaza alikuwa bado anautazama ukuta. Alikuwa anaongea, taratibu, kwa mazoea ya miaka minne, na sikio limekwisha kufungwa.

"...mbaya sana. Mwezi huu nimerudishwa zahanati mara tatu, maji hakuna, mashine haikuwashwa. Miguu imevimba mpaka viatu haviingii. Usiku nalala nimekaa, nikijilaza pumzi inakata. Binti yangu simwambii, ana watoto wa watu wa kufundisha. Akipiga simu namwambia nzuri. Akisikia nzuri anakata."

Mwalimu alisimama pale na mikono yake wazi. Vigelegele vya nje aliacha kuvisikia. Alikumbuka simu zote zile za asubuhi, moja moja, na jinsi kidole chake kilivyokuwa tayari kwenye kitufe cha kukata. Alikuwa amewacheka watunga programu kwa siku mbili nzima. Aibu ilimshika, akalia kwa sauti, kama mtoto, na mama yake akashtuka kukuta kumbe kuna mtu.

"Perusi! Unalia nini, si tumeshinda?"

"Tumeshinda, mama."

Mafundi walifika saa mbili. Walikuta bomba kuu la mtaa limezibwa na chumvi ya ardhini, nene, imebaki tundu la kupitisha kidole. Walilikata, wakaweka jipya, na saa sita kasoro maji yakaja kwa kishindo, mabomba yakatema hewa na kutu, halafu yakatulia meupe. Watu walijimwagia nguo zikiwa mwilini. Mhandisi Elibariki alikuja mwenyewe kuona, akalowana pia, na akaondoka na barua ya kidato cha pili iliyosainiwa na wanafunzi arobaini na wawili, ikidai sikio lisifungwe mpaka mtu amalize. Baraza lilikaa mapema kuliko ilivyopangwa. Wiki ya pili sikio la ukuta likawa linasikiliza mpaka mwisho, jiji zima, na siku ya kwanza tu mitaa sitini na tatu ilionekana ina shida. Kila mtaa ulipelekewa mafundi. Zubeda aliitwa kwenda kuliona lile ghala la Mratibu, akarudi na kusema ni kubwa kweli, lakini visanduku ni vilevile vinne.

Lakini hayo ni ya baadaye. Ijumaa ileile, saa saba mchana, Mama Eliwaza alilazwa kando ya mashine ya zahanati. Muuguzi aliunganisha mirija, akagusa kioo, na mashine ikaanza kuvuta maji na kunguruma kwa utulivu. Binti yake alivuta kiti karibu. Simu yake alikuwa ameizima na kuiweka ndani ya mkoba.

"Wewe nenda kapumzike," mama alisema. "Mimi sasa nzuri."

"Na zaidi ya nzuri?"

Mama akamtazama kwa mshangao. "Zaidi, nini?"

"Vyote, mama. Anzia pale miguu ilipoanza kuvimba. Sina pa kwenda."

Mama Eliwaza alifikiri kidogo, akajiweka sawa kwenye mto, akaanza. Mashine ilichukua saa nne kumaliza kazi yake. Yeye alikuwa bado hajamaliza.